Kumpiga picha popo wa Pemba

Bawa la popo ni kiganja. Litazame jua likiwa nyuma yake: utaona vidole vinne virefu vimetanuka ndani ya ngozi, mishipa ya damu imetapakaa kama ya jani la mpapai, na kidole gumba kimebaki nje na ukucha wake. Hiyo ndiyo picha ya kuitafuta. Kwa popo wa Pemba, ambaye wanasayansi humwita Pteropus voeltzkowi, inapatikana bila vifaa vya ajabu. Ni mkubwa, mabawa yakitanuka hufika kama mita 1.6, na mchana hulala juu ya miti, wala si pangoni. Wengi huwaendea Kidike, kati ya Chake Chake na Wete.

Nenda alasiri, usimame mashariki ya miti ukitazama magharibi, ili popo awe kati yako na jua. Lenzi ya milimita 400 inatosha. Ya 300 utalazimika kukata picha baadaye. Kadiri joto linavyopanda ndivyo wanavyojipepea kwa mabawa, na hapo huna haja ya kusubiri aruke. Weka kasi ya shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) 1/500 ya sekunde, uwazi wa lenzi f/5.6, na pima mwanga kwenye bawa lenyewe. Ukiiachia kamera ipime picha nzima, anga jeupe litaidanganya na popo atatoka kama kipande cha mkaa. Kama kamera yako haiwezi ila kupima picha nzima, ongeza mwanga kwa stopu 1 hadi 1.7; kila stopu ni mwanga mara mbili. Fokasi iwe ya nukta moja, juu ya jicho. Ukiruhusu kamera ichague yenyewe itakimbilia majani, kwa sababu ukingo wa jani una utofauti mkali wa mwanga kuliko manyoya.

Vaa kofia pana na ufunge kinga ya lenzi. Mkojo na kinyesi huanguka muda wote.

Jambo moja lisilo na mjadala: usipige makofi wala kutikisa mti ili waruke. Mama hubeba mtoto kifuani, na kundi likishtuka mtoto anaweza kuanguka. Mkubwa naye anapoteza nguvu alizokuwa akizihifadhi kwa safari ya usiku. Popo huyu hapatikani popote duniani ila Pemba, na aliwahi kuwindwa hadi akakaribia kwisha. Tazama masikio. Yakianza kuchezacheza kukuelekea na vichwa kadhaa vikainuka, simama ulipo. Wakianza kupanda matawi ya juu umeshakaribia mno. Rudi nyuma polepole.

Jioni ndipo kazi inakuwa ngumu. Pemba jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, mwaka mzima, na giza halichelewi. Popo huanza kutoka wakati huohuo, kwa hiyo muda wako ni kama dakika ishirini. Anza na shata 1/1000, f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800, ukiiongeza ISO kadiri anga linavyofifia. Ikifika 6400 acha kutafuta manyoya na uso. Piga kivuli cha popo juu ya wekundu wa magharibi. Popo mkubwa hupiga mabawa mara tatu hivi kwa sekunde, hivyo kamera ya picha kumi kwa sekunde inakupa tatu tu kwa kila pigo. Piga mfululizo, uchague ile ambayo bawa limefunguka lote. Na kama ulilala chumba chenye kiyoyozi, itoe kamera nje nusu saa kabla ikiwa bado ndani ya mkoba uliofungwa, la sivyo lenzi itajaa ukungu.

Popo wadogo wanaokula wadudu ni habari nyingine kabisa. Hao hupigwa kwa flashi. Shata peke yake haitoshi, kwa sababu kamera nyingi huchelewa karibu sekunde 0.06 tangu ipokee amri, na popo anayekwenda mita 5 kwa sekunde atakuwa ameshapita sentimita 30. Dawa yake ni kuacha shata wazi gizani sekunde chache, na kihisi cha miale, yaani kifaa kinachorusha miale ya mwanga na kutambua ikikatwa, kiwashe flashi mara popo anapoikata. Weka flashi kwenye nguvu ya 1/32, kwani mwako wake unakuwa mfupi mno na ndio unaogandisha bawa. Nguvu kamili huacha bawa likiwa ukungu. Tega juu ya dimbwi wanalokunywa maji, f/11, flashi ziwe mita 1 kutoka kwenye miale.

Usitege mlangoni mwa pango, wala usiingie. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa ugonjwa wa virusi vya Marburg baada ya kutembelea pango la popo nchini Uganda. Dimbwi lina popo walewale, na hewa safi.