Mujaaja kwenye chupa: zamu ya hamira

Nakuza chupani seli za mujaaja, mmea wa jamii ya mrehani, ili zinitengenezee asidi ya rosmarini, ambayo ni aina ya fenoli (kemikali za kujilinda za mimea). Vibonge vya seli hizo sasa vinakua bila kusumbua. Vina rangi ya krimu, ukivigusa kwa kibanio vinamong'onyoka, na vimeshatoka kwenye agari (jeli ya kukuzia) kuingia kwenye maji ya MS, yaani maji ya virutubisho vya mimea, yenye sukari ya Kakira, gramu 30 kwa lita. Vifaa ni vilevile: mitungi ya jamu, sufuria ya presha, Jik na spiriti. Hapa Bombo, Uganda, umeme ukikatika usiku, kitikisio husimama, seli zikatuama chini na kukosa hewa. Basi naamka kuzitikisa kwa mkono.

Wengi wanauliza kwa nini sikuchukua pakanga ya malaria inayolimwa Kabale. Artemisinini, dawa ya malaria iliyomo ndani yake, hutengenezwa kwenye vinyweleo vya tezi vya majani, na kibonge cha seli hakina jani wala kinyweleo. Ningekesha bure. Asidi ya rosmarini haina masharti hayo. Seli za jamii ya mrehani huweza kuitengeneza hata bila umbo la mmea.

Safari hii nilishughulika na hamira. Mmea hutengeneza fenoli nyingi ili kujilinda, na ukuta wa hamira una sukari za mnyororo mrefu ambazo seli huzichukulia kama dalili ya kuvu aliyevamia. Nachemsha hamira ya kuokea, nachuja, namimina ethanoli mpaka iwe asilimia 80 ya mchanganyiko, halafu friji. (Waragi, pombe kali ya Uganda, haifai, haikaribii nguvu hiyo.) Baada ya siku chache chini panakuwa na masimbi meupe yanayonata. Hayo ndiyo nayataka: nayayeyusha kwa maji, nayapika kwenye presha, tayari. Shemeji alipoyakuta kando ya mtindi akauliza mandazi yanaiva lini.

Kipimo cha hamira kina umuhimu wake, ila kwangu wakati wa kuitia ndio kila kitu. Ukiitia mapema, seli huacha kukua zikaingia vitani. Ukipima fenoli kwa kila gramu ya seli utashangilia, kumbe chupa nzima ina seli kiduchu! Kwa hiyo mimi nahesabu kwa chupa. Kampuni ya Mitsui ya Japani, iliyoanza kuuza shikonini (rangi nyekundu ya mmea) iliyotengenezwa na seli mwaka 1983, iligawa kazi mara mbili: maji ya kukuzia kwanza, kisha maji mengine ya kuzalishia. Nimefuata njia hiyo kwa bei ya mitungi ya jamu, hamira ikiingia ukuaji unapokaribia kufika kikomo.

Kwa kipimo cha Folini, ambacho hutoa buluu inayokoza kadiri fenoli zinavyozidi, chupa zilizochelewa kutiwa hamira zimetoa buluu iliyokoza kuliko zote. Zilizowahi ziligeuka kahawia na hazikuongezeka uzito. Hata hivyo Folini haichagui, hushika fenoli yoyote, na protini za hamira nazo huipaka rangi. Ndiyo maana niliweka chupa ya hamira isiyo na seli, nayo kweli ikatoa buluu hafifu. Sasa seli nazisuuza vizuri kabla ya kuzisaga.

Sampuli zimekauka, zinasubiri nafasi kwenye mashine ya kromatografia Kampala, inayotenganisha kemikali moja moja. Mpaka majibu yarudi, kwenye daftari naandika "fenoli" tu. Zamu inayofuata ni ya kitosani, kichocheo kingine kinachotokana na magamba ya kamba na kaa; nitaanza na kiasi kidogo sana kwa sababu ikizidi huua seli.