Mstari wa Sita

Olimpiadi ya sataranji ya wanawake ilianza Emmen, Uholanzi, mwaka 1957. Siku hizi kila timu huchezesha wanne, wa tano akiwa wa akiba. Mechi ninayoikumbuka zaidi nilikuwa ubao wa tatu, kete nyeusi. Wenzangu walikwisha maliza: mmoja kashinda, mmoja kashindwa, mmoja sare. Nimebaki mimi, tena mbele ya mchezaji aliyenizidi mbali kwa pointi za FIDE, shirikisho la sataranji duniani.

Ubaoni zilibaki ngome mbili, wafalme wawili na askari mmoja, naye ni wake. Mpita njia angesema nimekwisha. Ila hali hiyo Mfaransa Philidor aliichambua tangu karne ya 18. Mfalme wako asimame mbele ya askari, ngome yako ishike mstari wa sita, ukihesabu kutoka upande wa kete nyeupe, ili mfalme wake asipenye. Askari akikanyaga mstari huo, ngome inashuka hadi wa kwanza na kuanza kumtishia mfalme kwa nyuma. Hapo hana pa kujificha.

Nilifundishwa hayo zamani. Kuyafuata umechoka, saa ikikuongezea sekunde 30 tu kwa kila hatua, ni kazi nyingine. Mpinzani alizungusha ngome yake kushoto, kulia, akingoja nipotoke. Kila hatua lazima uiandike, na mwandiko wangu ulikuwa umeharibika kiasi kwamba 6 na 8 zilifanana. Nahodha wetu alisimama karibu. Haruhusiwi kusema neno kuhusu mchezo, basi akawa anatazama dari.

Hatua za ufunguzi wa siku hiyo, ambazo sisi wachezaji hukesha tukizikariri, nimezisahau zote. Ndiyo maana wasichana ninaowafundisha huanza na miisho ya mchezo, wapende wasipende.

Hakuweza kuzunguka milele. Hatua 50 zikipita bila askari kusogea wala kete kuliwa, naruhusiwa kudai sare. Mwishowe akamsukuma askari. Ngome yangu ikashuka, nikaanza kumtishia mfalme, naye akakimbia huku na huko kabla ya kuninyooshea mkono. Mbili kwa mbili, pointi moja kila timu.

Tulipouchambua mchezo pamoja, alinionyesha mahali ambapo angekataa kubadilishana farasi na kunimaliza mapema. Alikuwa sahihi kabisa. Tulikuwa bado tunabishana nahodha aliponiita: kesho mwenzetu wa ubao wa pili anapumzika, nami napanda kucheza nafasi yake.