Saksafoni na hewa ya kaskazi

Kaskazi imeshika, na jioni za muziki zimerudi nayo. Hapa Mombasa hoteli za Nyali na Bamburi zinatafuta bendi za watu wanne, na Mji wa Kale unapata usiku mmoja mmoja wa jazi uani. Msimu huu haukosi lawama yake: noti za mpiga saksafoni hupanda juu kidogo kuliko za wenzake. Nusu ya lawama hiyo, kwa maoni yangu, ni ya hewa.

Katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Hewa ikifika nyuzi 30, huenda mita 349. Ndani ya bomba la saksafoni au tarumbeta tofauti hiyo yaweza kuinua noti kwa takriban senti 30, karibu theluthi ya nusu toni. Pumzi ya mpigaji huwa imeshalipasha bomba, kwa hivyo kiasi chenyewe hupungua, lakini sikio bado hukitambua. Gita huenda kinyume: nyuzi za chuma hupata joto, zikatanuka, zikalegea, zikashuka. Kibodi haisogei. Wapandishe jukwaani watatu hao bila kupatanisha upya na utapata wimbo mmoja wenye funguo mbili na nusu.

Dawa ni kuuvuta nje mdomo wa saksafoni, kile kipande cha kupulizia, milimita mbili tatu, kisha kusikiliza tena. Ukiuvuta mno, noti za bomba fupi, zile B na C za katikati, hushuka kuliko noti ndefu za chini, na hapo chombo hakipatani hata na nafsi yake. Pia usipatanishe kikiwa baridi. Kipigwe dakika kumi kwanza, halafu kibodi itoe A ya hezi 440. Saksafoni ya alto huijibu kwa F yenye shapu, ya tenori kwa B.

Baridi yenyewe ni mtego wa mahoteli. Chombo kikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kikafunguliwa papo hapo ufuoni, unyevu hutona juu yake kama kwenye chupa ya soda. Kiache ndani ya kasha lililofungwa kwa nusu saa hivi, kizoee. Kibodi na mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, vivyo hivyo, tena hivyo vina umeme ndani.

Pedi, vile vifuniko vya ngozi vinavyoziba matundu ya saksafoni, ndizo husumbua zaidi. Za G-shapu, C-shapu ya chini na E-flati hukaa zimefungwa muda wote, kwa hivyo unyevu ukichanganyika na sukari ya mate, hunata. Mpigaji anabonyeza, noti haitoki, na solo inakatika pale pale ilipokuwa ikipendeza. Weka karatasi nyembamba ya sigara kati ya pedi na tundu, bonyeza taratibu, achia, kisha uitoe. Usiivute kwa nguvu ikiwa imebanwa. Ngozi ya pedi huchanika. Poda siishauri, hugeuka tope. Na kabla ya kupiga, kahawa tungu haina neno, ila halua ingoje mpaka mwisho. Anayeshindwa kungoja asukutue kwa maji.

Chumvi ya bahari nayo hula springi za chuma na nyuzi za gita. Tone dogo la mafuta kwenye viungo, kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, basi. Ridi, vile vipande vyembamba vya mwanzi vya kupulizia, ziwe nne za kupokezana, zikaushwe juu ya kitu bapa. Zikifungiwa mbichi huota ukungu.

Sasa stima. Soketi ya kawaida hutoa ampea 13 kwa volti 240, yaani zaidi kidogo ya wati 3,000. Bendi ndogo haifikii hapo, mradi jikoni pasichomekwe birika kwenye waya huo huo. Waya wa kuongezea uliozungushwa kwenye gurudumu ufunguliwe wote, maana ukibaki umejiviringa hupata moto. Mngurumo wa amplifaya mara nyingi huja vyombo vinapochomekwa soketi mbalimbali huku vimeunganishwa kwa waya za sauti. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hivyo mngurumo wake wa chini huangukia karibu kabisa na G ya besi, na mpiga besi huhisi kuna mtu anamfuata. Vyote vichomekwe mahali pamoja. Wapo mafundi wanaoukata mguu wa ardhi wa plagi ili kunyamazisha kelele. Hao wasikaribishwe tena: maikrofoni yenye hitilafu mdomoni mwa mwimbaji, na waya wa ardhi haupo, inaua.

Nyua za Mji wa Kale zina kuta za matumbawe zilizopigwa lipu, nazo huirudisha sauti yote. Humo mpiga ngoma ashike brashi, saksafoni isiwekewe maikrofoni, na spika abakiziwe mwimbaji na besi. Najua hili huwaudhi wengi, kwa kuwa bendi ikilipwa hutaka kusikika hadi ng'ambo. Bustani ya ufuoni ya Mama Ngina ni kinyume chake: hakuna ukuta, upepo unatoka baharini moja kwa moja. Pale maikrofoni huhitaji kofia ya sponji, karatasi za noti huhitaji vibanio vya nguo, na saksafoni huhitaji maikrofoni yake, sentimita 20 hadi 30 juu ya mdomo mpana, ikielekea kwenye vibonyezo. Ukiitumbukiza mle ndani utapata noti za chini peke yake.

Saa ya kuanza huamuliwa na msikiti ulio karibu. Majaribio ya sauti yaishe kabla ya Magharibi, na muziki uanze baada ya Isha, ambayo huwa imeadhiniwa kabla ya saa mbili. Lakini kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja, na viwango vya usiku ni vikali, kwa hivyo kibali kitafutwe mapema. Siku ya Jazi Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2011, ni tarehe 30 Aprili. Aliyeichagua hakuifikiria masika yetu. Atakayeiadhimisha hapa atafute ukumbi wenye paa.

Kinachofukuza wasikilizaji kuliko mvua ni solo ndefu. Wimbo wa vipimo 32 vya mapigo manne, kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, huchukua sekunde 64 kwa duru, yaani ukipigwa wote mara moja. Watu wanne wakipiga duru mbili mbili, hiyo ni zaidi ya dakika nane na nusu, bila kuhesabu wimbo wenyewe mwanzo na mwisho. Mombasa inataka duru moja kwa mtu. Anayeongoza aguse kichwa chake kwa mkono mapema, vipimo vinne kabla, ili wote warudi kwenye wimbo pamoja. Akigusa mwishoni, ngoma hurudi na gita hubaki.

Tena mji huu si mgeni wa saksafoni. Mzee Joseph Ngala wa Frere Town, anayetajwa kuwa baba wa bango, muziki wa dansi wa pwani, aliifanya iimbe mwendo wa pwani, na wapiga jazi wa hapa wangefaidika kumsikiliza yeye kabla ya santuri za Marekani. Swingi, mdundo wa jazi, hugawa pigo moja sehemu tatu. Chakacha, ngoma ya pwani, nayo hugawa tatu tatu. Ndiyo maana tuazi la jazi, ile sahani ya chuma, na chapuo, ngoma ndogo, hukubaliana upesi, ilhali chapuo ikiwekwa juu ya mdundo wa bossa wa Brazili, unaogawa mbili mbili, hugongana nao. Kinachoharibu muungano huo ni mpiga seti ya ngoma kujaza kila mwanya. Vumi, ngoma yenye sauti nzito, ikiwapo, mguu wake upunguze ngoma ya chini, abaki na tuazi, na besi itembee taratibu. Mpiga zumari akialikwa asilazimishwe kupatana na kibodi, maana mashimo ya zumari yana mpangilio wake. Kibodi inyamaze duru hiyo, na saksafoni imjibu kwa noti chache.