Afande, gauti na nusu lita ya maziwa

Tangu nifungue deri hapa Bombo, Uganda, kuna afande mmoja mstaafu ambaye hununua nusu lita kwangu kila asubuhi. Mwezi uliopita alipotea siku nne. Siku ya tano akaja akichechemea, mguu mmoja kwenye kiatu, mwingine kwenye kandambili, kidole gumba kimevimba mpaka ngozi inang'aa. Kliniki walishamwambia ni gauti, ile ambayo wengine huiita jongo.

"Mama Sauda, leo nipe mkate tu. Kijana wangu ametumiwa ujumbe kwenye simu, eti maziwa yanaleta uvimbe mwilini."

Sitaficha, niliudhika. Riziki yangu ni lile tangi la lita 500. Lakini nilimvutia kiti, maana swali lenyewe niliwahi kulifuatilia.

Lilianza kwenye zizi la mfugaji anayeniletea maziwa kutoka Nakaseke. Ng'ombe wake mmoja alikuwa na ugonjwa wa kiwele. Daktari wa mifugo alitoa kibao cha plastiki chenye vikombe vinne, akakamua kila chuchu kwenye kikombe chake, akamimina sabuni ya maji ya zambarau, akazungusha taratibu. Vikombe vitatu vilibaki maji matupu. Cha nne kikawa uteute unaovutika kama mlenda. Akatueleza: zile ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zimekimbilia kiwele chenye vidudu. Sabuni inazipasua, DNA iliyomo ndani, yaani nyuzi za urithi, inamwagika, na hiyo ndiyo inayovutika.

Nilirudi nyumbani na hamu ya kusoma. Kwenye kiwele kinachoumwa, protini iitwayo laktoferini huongezeka. Hukamata madini ya chuma, vidudu vikakosa chakula. Sisi binadamu tunayo pia, tena chembe zetu nyeupe huibeba ndani yake kama risasi mfukoni, na maziwa ya mama yanayo mengi kuliko ya ng'ombe, hasa yale ya kwanza baada ya kujifungua. Katika maabara imeonekana ikinasa vipande vya maganda ya bakteria kabla havijazichokoza chembe za kinga. Hapo inatuliza uvimbe, haiuleti.

Sasa gauti. Asidi ya yuriki, taka ya mwili iliyomo kwenye damu, ikizidi hugandamana kwenye kiungo kama visindano. Chembe za kinga huvimeza visindano hivyo, zinakasirika, zinatoa ishara iitwayo interlukini-1, na hapo ndipo kidole kinawaka moto usiku mpaka shuka linauma. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12: waliokula nyama na samaki kwa wingi walipata gauti zaidi, waliotumia maziwa zaidi walipata kidogo. New Zealand nao waliwapa wagonjwa 120 wa gauti unga wa aina tatu kwa miezi 3. Mmoja ulikuwa wa maziwa yaliyoondolewa mafuta, ukaongezwa glikomakropeptidi, kipande kinachokatwa kutoka kwenye protini ya kasein, pamoja na kitu kilichochujwa kutoka kwenye mafuta ya maziwa. Mashambulizi yalipungua kwa makundi yote matatu, ila kundi hilo likapungukiwa zaidi. Nilimwambia Afande ukweli: unga ule si maziwa ya tangi langu, na mimi siuzi dawa. Lakini ujumbe wa simu umempotosha.

(Mtoto anayevimba midomo akinywa maziwa, huyo ni habari nyingine. Kinga yake inazipiga vita protini zenyewe, naye aache kabisa, aende hospitali.)

Akafurahi kupita kiasi. "Basi nipime mabichi, moto usije ukaua hizo protini."

Hapo nilikataa. Ni kweli kuchemsha huiharibu laktoferini. Lakini kasein, ambayo ni kama asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe, huvumilia moto. Ndiyo maana maziwa yakichemka hayagandi kama yai. Mabichi yanaweza kuwa na brusela, kidudu kinachotoka kwa mifugo, na brusela nayo hutesa viungo. Uwe na gauti na brusela kwa pamoja, daktari ataanzia wapi?

Akachukua nusu lita yake, akaahidi kuichemsha. Mlangoni akageuka. "Na ile mbuzi ya kuchoma ya Jumapili, mama?"

"Hilo kamuulize daktari, Afande."

"Alishaniambia," akasema, akauvuta ule mguu wa kandambili nyuma ya mwenzake.