Nilivyoisoma Leseni ya Jukwaa la Uchapishaji Kabla ya Kuwapokea Wateja Wapya

Ofisi yetu mjini Kisumu, iliyoanza kwa kuchapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na ratiba za mazishi, ilikuwa tayari ina jarida lake la mtandaoni wakati wateja wengine walipoanza kutuomba tuwaendeshee majarida yao. Walikuwa chama cha akiba na mikopo, shule moja ya upili ya upande wa Maseno, na kikundi cha wavuvi wa Dunga. Mkurugenzi wetu aliliona jambo hilo kuwa jepesi: jukwaa la uchapishaji, yaani programu ya kuendeshea jarida la mtandaoni, tulikuwa tumelilipia, seva ilikuwa na nafasi ya kutosha, na kilichobaki ni kufungua kurasa mpya na kuandika ankara. Mimi niliyekuwa na dhamana ya jarida niliomba kwanza nipewe nafasi ya kuisoma leseni, kwa kuwa kulipia programu ya kompyuta si sawa na kununua mashine ya kukatia karatasi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaziweka programu za kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi zinazolindwa, na kwa hiyo anachopata mnunuzi ni ruhusa ya kuitumia kazi ya mwingine kwa mipaka iliyoandikwa.

Niliichapa leseni yote kwenye karatasi, lakini sikuanza kwa kuorodhesha vifungu vyake. Nilianza kwa kuandika kazi yetu jinsi ilivyo: nani anaingia kwenye mfumo, anaandika kwa niaba ya nani, jarida linabeba jina la nani, anwani ya tovuti imesajiliwa kwa nani, na fedha zinatoka mfuko upi. Ndipo nikaichukua kila safu ya karatasi hiyo na kuitafutia kifungu kinachoihusu. Utaratibu huu ulinifaa zaidi kuliko kuisoma leseni kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana nyaraka za namna hii huandikwa ili zimtosheleze kila mteja duniani, na sehemu kubwa ya maneno yake haikutugusa hata kidogo.

Kifungu kilichotugusa kwa uzito kilisema kwamba jukwaa litumike kwa shughuli za ndani za mteja peke yake, na kwamba mteja asiliendeshe kwa ajili ya mtu wa tatu. Wenzangu kadhaa walikiona kifungu hicho kuwa cha uchoyo. Mimi sikukiona hivyo. Muuzaji aliyepanga bei yake kwa kudhani kwamba biashara moja italipa mara moja anapoteza mapato ikiwa biashara hiyo itawahudumia wengine kumi kwa malipo yale yale, na ana haki ya kujikinga. Swali lililonihangaisha lilikuwa jingine, yaani mpaka wa shughuli za ndani unaishia wapi. Ikiwa sisi ndio tunaohariri, tunaopanga kurasa na tunaochapisha habari za shule kama toleo maalumu la jarida letu, je, hiyo si shughuli yetu? Wakili tuliyemwendea alitushauri tuangalie anwani ya tovuti ni ya nani, jina lililo juu ya ukurasa ni la nani, na kama mteja ana akaunti yake ndani ya mfumo. Kwa vipimo hivyo, toleo maalumu lilikuwa letu, ilhali jarida la chama cha akiba na mikopo, lenye anwani na nembo yake, halikuwa letu hata kama kila neno tungeliandika sisi.

Jambo la waandishi lilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Leseni yetu iliweka kikomo cha watu wenye akaunti, nasi tulikuwa na wachangiaji waliotawanyika Bondo, Homa Bay na Mbita, wengi wao wakituma habari mara chache kwa mwaka. Lilitolewa pendekezo kwamba wote watumie akaunti moja na neno la siri moja. Leseni ilikataza, na hata isingekataza ningelipinga, kwa sababu siku takwimu ya riba itakapobadilishwa ndani ya makala hakuna atakayejua ni mkono wa nani. Nilipomwandikia muuzaji, alithibitisha kwamba kinachohesabiwa ni akaunti, wala si majina yanayoonekana chini ya makala. Wachangiaji wakaendelea kutuma habari kwa barua pepe au kwa WhatsApp, na wahariri walio ofisini wakaziingiza na kuwataja kwa majina yao.

Barua yangu kwa muuzaji nadhani ndiyo iliyoleta nafuu kubwa katika shughuli nzima. Sikumwuliza maana ya kifungu fulani, kwa kuwa swali la namna hiyo hujibiwa kwa kurudiwa maneno yale yale ya kifungu. Nilimweleza hali halisi moja baada ya nyingine na kumwomba aseme inaruhusiwa au hairuhusiwi: tukiweka nakala ya pili kwenye kompyuta ya ofisini ili kujaribia mabadiliko, tukiyaweka maneno ya vitufe kwa Kiswahili na Kijaluo, tukiondoa nembo ya muuzaji iliyo chini ya ukurasa. Nakala ya kujaribia aliikubali kwa sharti kwamba isifunguliwe kwa umma. Hapa wakili alitukumbusha kwamba sheria yetu yenyewe inamruhusu mwenye programu kihalali kutunza nakala ya akiba, lakini nakala iliyohifadhiwa na nakala ya pili inayofanya kazi ni mambo mawili. Tafsiri aliikubali. Nembo alikataa. Majibu hayo niliyachapa na kuyatia katika faili moja na leseni, kwa kuwa ahadi iliyotolewa kwa simu haina mahali pa kushikwa.

Wapo walioniona ninazidisha tahadhari, nami niliwaeleza yaliyowapata watumiaji wa Movable Type. Mnamo Mei 2004 kampuni ya Six Apart ya Marekani ilitoa toleo la 3.0 la programu hiyo ya uchapishaji, na toleo lake la bure likawekewa kikomo cha mwandishi mmoja na blogu tatu. Watu waliokuwa wamejenga tovuti zenye waandishi wengi bila kujali hesabu walijikuta wakitakiwa kulipa iwapo wangetaka toleo jipya. Kampuni ililegeza baadhi ya masharti baada ya malalamiko, lakini wengi walikwisha kuhamia WordPress, programu huria ya uchapishaji iliyokuwa imeanza mwaka mmoja kabla. Leseni ya toleo la zamani haikufutwa. Waliotaka wangeweza kubaki nalo. Ila programu inayokabili intaneti haiwezi kukaa miaka bila kurekebishwa, na hivyo haki ya kubaki na toleo la zamani hupungua thamani kila mwaka.

Nilitafuta pia kama kipo kifungu kinachoifuata kazi yetu hata baada ya kutoka ndani ya programu. Mfano wake ulikuwa iBooks Author ya Apple, ambayo leseni yake ya Januari 2012 ilidai kwamba kitabu kilichotengenezwa kwayo, kikiuzwa, kiuzwe kupitia Apple tu. Mwezi uliofuata kampuni ikafafanua kwamba sharti hilo linahusu faili za muundo wake maalumu. Leseni yetu haikuwa na kifungu cha namna hiyo. Hata hivyo nilijaribu kuhamisha makala zote nje ya mfumo, na nikaona kwamba maandishi yanatoka salama ilhali picha zinapoteza viungo vyake. Sasa picha tunazihifadhi wenyewe kwa mpangilio wa toleo.

Kuhusu wateja wapya, muuzaji alikuwa na leseni pana ya wakala anayewahudumia wengine, lakini gharama yake ilizidi kile ambacho wote pamoja wangeweza kutulipa. Tuliliacha jukwaa hilo libebe jarida letu na toleo la shule, na kwa chama na wavuvi tukaweka WordPress, kila mmoja kwenye seva aliyoikodi kwa jina lake. Programu hiyo inatolewa chini ya leseni huria iitwayo GPL, toleo la pili la mwaka 1991, ambayo haimuulizi mtu anaitumia kwa shughuli gani, kwa ajili ya nani, wala ana waandishi wangapi. Masharti hayakwisha, yalihamia kwingine. Mwenye seva ana yake kuhusu kinachoweza kuchapishwa. Muuzaji wa mwonekano wa kurasa tulioununua huhesabu tovuti anazozipa masasisho na msaada, ingawa msimbo wenyewe uko chini ya GPL. Na leseni haigawi jina: wavuvi walikuwa wamependekeza anwani yenye neno WordPress ndani yake, jambo ambalo wakfu unaomiliki alama hiyo ya biashara haulikubali, na ikabidi wachague nyingine.

Kwa chama cha akiba na mikopo tuliongeza mkataba mmoja ambao hakuna leseni ya programu ingeuandika kwa niaba yetu. Jarida lao hutumwa kwa wanachama, kwa hiyo tunashika majina, barua pepe na namba za simu za watu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, chama ndicho mdhibiti wa data, yaani mwenye kuamua itumiwe kwa kazi gani, na sisi ni wachakataji tu, tunaoishughulikia kwa niaba yake, na uhusiano huo unatakiwa uwe kwa maandishi. Wakili aliuandika kwa kurasa chache, ukisema data itatumiwa kwa kutuma jarida na si vinginevyo, na kwamba chama kikituacha tutaikabidhi yote na kutobaki na nakala. Mwenyekiti alitia sahihi kabla ya toleo la kwanza kutoka.