Mlango wa nyuma ukifungwa

Juzi usiku tuliitwa na ambulansi yetu huku Busia ya Uganda, tukaambiwa mama ameteleza bafuni. Kufika, bwana yake ndo anajibu kila kitu, jina la mke yeye, ameumia wapi yeye, mama mwenyewe anaangalia chini tu. Mikononi ana alama mbichi na zingine za zamani.

Sikumuuliza pale. Wenzangu wengi wanakosea hapo, unamuuliza mtu mbele ya mzee wake nani kakupiga, lazima atasema nimeanguka, halafu nyie mkishaondoka anapigwa tena kwa sababu yenu. Nikamwambia bwana apande mbele na dereva, ndugu wa mgonjwa wanakaa mbele. Mlango wa nyuma ukafungwa tukabaki wawili, na kwa wengine hizo dakika kumi ndo pekee wanazopata bila kusikilizwa. Nikamwambia polepole, mama, wengi nawaona wameumia hivi wameumizwa na mtu wa nyumbani, na wewe ni hivyo? Kimya. Halafu akasema "musawo, maji", yaani daktari, maji, na sauti imekwaruza kabisa, ndo nikauliza, alikukaba shingo? Akalia.

Hii ya kukabwa jamani tuichukulie serious. Shingo inaweza kuwa safi bila alama yoyote na ndani mishipa imechanika, uvimbe unakuja baadaye, stroku pia. Uliza kama alizimia, kama alijikojolea, kama kumeza kunauma, angalia vidoa vyekundu machoni. Na mwanaume akishafika kukaba, hatari ya kuja kumuua huyo mke inapanda sana.

Nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, "mgonjwa anasema amekabwa na mume", sio "ameanguka". Nikamweleza fomu 3 ya polisi, ile ya kujaziwa majeraha ya aliyepigwa, ni bure, na kama kulikuwa na kulazimishwa ngono, dawa za PEP za kuzuia HIV ni ndani ya masaa 72, asingoje. Sheria ya ukatili wa nyumbani ya 2010 inamruhusu kwenda hata korti ya LC, ile ya viongozi wa kijiji, lakini kukaba mtu sio jambo la kupatanishwa chini ya mwembe, nilimwambia hivyo wazi. Polisi sikumlazimisha, yeye ndo anajua siku gani kutoka ni salama.

Aliniuliza kitu kimoja tu, utamwambia mzee? Nikasema hapana mama, namwambia daktari peke yake. Asubuhi nilipopita wodini dada yake alikuwa amefika kutoka Tororo, amekaa kitandani anamshikia kikombe cha uji.