Siku Tuliyobadilisha Pampu ya Paa

Lilikuwa gari la Kimarekani la mwaka 1966, la paa la turubai, na lilikuwa na kisirani kimoja: kufunua paa linakubali, kulifunika linagoma. Ukibonyeza swichi unasikia mota inanguruma nyuma ya siti, turubai inainuka kama shubiri moja, halafu basi. Mota inaendelea kunguruma, paa limetulia tuli.

Wenzangu wakanishauri niing'oe pampu, ile inayosukuma oili ya kunyanyua paa, na paa niwe nainua kwa mkono. Sikutaka kusikia. Paa la aina ile lenye vyuma vyake ni zito, na kulinyanyua peke yako bila kupinda fremu ni bahati.

Mjomba wangu, fundi mstaafu, ndiye aliyekuja kunisaidia. "Mjomba," akaniambia, "pampu husingiziwa mengi. Tuipime kwanza."

Akanikalisha kwenye usukani nibonyeze swichi, yeye akachomeka mita kwenye waya za mota. Volti 12, zikishuka kidogo mzigo ulipoingia. Umeme ulikuwa unafika, basi fyuzi na swichi tukaziacha. Kilichofuata ndicho kilichonifurahisha zaidi siku ile. Tulifungua bolti zinazoshika fito za silinda (mabomba mawili yanayonyanyua paa kwa oili) kwenye fremu ya paa, kulia na kushoto, tukaliegemeza paa pembeni. Mjomba akaweka kiganja juu ya fito la kulia. "Bonyeza!" Fito likapanda, likagusa kiganja, likasimama. Akahamia kushoto, hali ileile. Akacheka. "Ingekuwa silinda inavuja ndani, ingelegea moja. Zimelegea zote mbili sawasawa, kwa hiyo ugonjwa uko pale zinapokutana." Zinakutana kwenye pampu. Nisijaribu kiganja kwenye pampu isiyo na kasoro, akaongeza, kama bado nina kazi na vidole vyangu.

Mfumo wenyewe ni mwepesi kuuelewa. Mota ikizunguka upande mmoja, oili inasukumwa chini ya pistoni, kile kizibo kinachosogea ndani ya silinda, fito zinatoka, paa linapanda. Ikigeuza mzunguko, oili inaingia juu ya pistoni na paa linashuka. Kabla ya haidroliki, yaani mfumo huu wa kusukuma kwa oili, kulikuwa na njia nyingine: gari la Plymouth la mwaka 1939 lilinyanyua paa kwa nguvu ya vakyumu, yaani kwa kufyonza hewa.

Kung'oa siti ya nyuma hakukutuchelewesha. Pampu ilikuwa imekaa sakafuni juu ya vipande vya mpira vya kupunguza kelele. Mjomba alifunga uzi mwekundu kwenye hozi za juu na mweupe kwenye za chini kabla hatujagusa nati hata moja, kwani ukizichanganya paa litashuka unapotaka lipande. Nati zenyewe tulizifungua kwa spana mbili, moja inashika, nyingine inazungusha, ili hozi isijisokote. Matambara tulitandika kila mahali.

Oili iliyochuruzika aliipaka kati ya vidole viwili, akaitazama kwenye tochi. Nyekundu, imeingia weusi. Ni oili ya gia otomatiki. Hapo alikuwa makini mno, kwa sababu magari mengi ya Marekani ya miaka ya 50 yalitumia mafuta ya breki kwenye paa, na mafuta ya breki hubabua rangi ya gari. Isitoshe, sili (mipira ya kuzuia uvujaji) zilizotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki huvimba zikikutana na oili ya madini. Pampu mpya tuliyokuwa nayo ilitaka oili ya gia otomatiki, na silinda zilishaizoea.

Kufunga mpya kulikuwa kufungua kwa kurudi nyuma. Kazi kubwa ilikuwa kutoa hewa. Pampu huja kavu, na hewa ikiingia kwenye oili inatoa povu, nayo povu haina nguvu ya kusukuma kitu. Tukajaza tangi la pampu, kizibo tukakilegeza, tukawa tunapandisha na kushusha paa taratibu, tunapumzisha mota isichemke, tunaongeza oili. Mwanzoni upande wa kushoto ulichelewa na fremu ikaenda mshazari, nikashtuka, lakini Mjomba alinipungia mkono niendelee tu. Povu likapungua, pande zote mbili zikaenda pamoja. Usawa wa mwisho wa oili tuliupima paa likiwa limefunuliwa, kwa sababu fito zikiingia ndani ya silinda huchukua nafasi na kurudisha oili tangini. Ukijaza hadi juu paa likiwa limefunikwa, ukilifunua oili itamwagikia zulia.

Ile pampu ya zamani tuliipasua mezani. Oringi, ule mpira wa duara wa kuzuia uvujaji, ilikuwa ngumu, ikavunjika nilipoikunja. Gia za ndani zilikuwa na mikwaruzo unayoisikia kwa ukucha, oili ilikuwa inarudi ilikotoka badala ya kwenda kwenye silinda. Mota yake ilikuwa nzima kabisa. Mjomba aliifunga kwenye tambara akaondoka nayo, na hadi leo hajaniambia ameifanyia nini.